Mhadhiri mwenye miaka 53: nipiganie cheo kwanza, au nijenge kipato cha nje kabla ya kustaafu?

Mhadhiri wa Idarani ameuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Nina umri wa miaka 53, na nikibaki katika cheo nilicho nacho sasa, imesalia miaka saba tu nifikie umri wa kustaafu kwa lazima. Nilianza kufundisha mwaka 2003 katika chuo binafsi, ambako michango yangu ilikuwa ikipelekwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi. Mwaka 2008 nikahamia chuo cha umma na kuwa mwanachama wa mfuko wa pensheni wa PPF, hadi mifuko ilipounganishwa Agosti 2018 na sote tukajikuta PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Nikifikisha miaka 60, nitakuwa nimetimiza miezi 288 ya kuchangia katika utumishi wa umma, bila kuhesabu ile miaka mitano ya chuo binafsi.

Shahada ya uzamivu niliipata nikiwa nimeshavuka miaka 40, kama wengi wetu tuliosomea huku tunafundisha, na kwa sababu hiyo machapisho yangu bado hayatoshi kunipandisha kuwa Mhadhiri Mwandamizi. Wakati huohuo kazi za ushauri elekezi zinanijia mara kwa mara, na kuna miezi ambayo malipo yake yanazidi mshahara. Mwenzangu nyumbani ananishauri nizikumbatie hizo kazi, ninunue kiwanja, nijenge nyumba za kupangisha, na mambo ya cheo niwaachie vijana. Mkuu wa idara, kwa upande wake, ananihimiza niandike.

Naomba mwongozo wa watu wanaozielewa hesabu za mafao. Je, kupanda cheo katika umri huu kunabadilisha pensheni kwa kiasi cha kustahili jasho lake? Michango ya NSSF inaunganishwa na ya PSSSF, au itabaki kivyake? Na mkupuo, yaani yale malipo ya mara moja ya kustaafu, utakapotoka, wastaafu waliotangulia wameufanyia nini ambacho hakikuwaletea majuto?

---

Mkokotoaji amejibu:

Ndugu Mhadhiri, swali lako la kwanza linajibiwa na kanuni yenyewe, hivyo nitaiweka wazi, kwa maana nimegundua kwamba wanataaluma wengi hulalamikia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, bila kuwahi kukikokotoa kwa kalamu.

Pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuchukua idadi ya miezi uliyochangia, kuigawa kwa 580, kisha kuzidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho ya utumishi. Kiasi hicho hugawanywa mafungu mawili. Fungu moja huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, na lililobaki hugawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya kila mwezi kwa maisha yako yote. Kuanzia Julai 2022 fungu la mkupuo lilikuwa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya mwaka 2024/25 ikalipandisha hadi asilimia 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani iliwapa mkupuo wa asilimia 50, na hadi asilimia 35 kwa wale ambao mifuko yao iliwapa asilimia 25. Wewe uliyetokea PPF uko katika kundi hili la pili.

Sasa tuingize tarakimu. Hizi ni za mfano tu, si ngazi za mshahara za Serikali. Tuseme unastaafu ukiwa na miaka 60, ungali Mhadhiri, mshahara wako katika miaka mitatu bora ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi, na miezi ni 288. Pensheni ya mwaka kabla ya kugawanywa ni kama shilingi 17,876,000. Mkupuo wako utakuwa takriban 78,207,000, na kila mwezi utapokea kama 968,000.

Tuseme sasa umepanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi, mshahara umefika 3,600,000, na umekaa katika cheo hicho kwa angalau miaka mitatu kamili. Hapa yanatokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba wastani wa mshahara unapanda. La pili, ambalo watu hulisahau, ni kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 Wahadhiri Waandamizi, Maprofesa Washiriki na Maprofesa wa vyuo vya umma, pamoja na madaktari bingwa, hustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 60 na kwa lazima wakiwa na miaka 65, ilhali watumishi wengine, nawe ukiwemo kwa sasa, ni 55 na 60. Ukifika 65 utakuwa na miezi 348. Mkupuo unakuwa 113,400,000 na pensheni ya mwezi 1,404,000. Hilo ni ongezeko la asilimia 45 katika pensheni ya kila mwezi, tena la maisha.

Katika mahesabu hayo yote, malipo ya ushauri elekezi hayamo hata senti moja. Posho ya nyumba haimo. Posho ya madaraka ya mkuu wa idara haimo, wala malipo ya kufundisha madarasa ya jioni. Michango yetu PSSSF, asilimia 5 kutoka kwa mtumishi na asilimia 15 kutoka kwa mwajiri, inakatwa kwenye mshahara peke yake, na kikokotoo kinatazama mshahara peke yake. Mwanataaluma anaweza kuishi miaka ishirini kwa kipato ambacho nusu yake ni posho na kazi za nje, akaja kustaafu kwa kipimo cha ile nusu nyingine.

Angalizo moja kuhusu wakati. Cheo kikikufikia mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, wastani wa miaka mitatu utachukua mwaka mmoja wa mshahara mpya na miwili ya zamani, na katika mfano wetu utapata 3,200,000 badala ya 3,600,000. Kwa hiyo maandiko yako yaende kwa wahariri sasa, maana jarida linaweza kukaa na andiko mwaka mzima kabla ya kutoa jibu, na kamati ya kupandisha vyeo nayo ina kalenda yake.

---

Mwalimu Mstaafu, Morogoro amejibu:

Marahaba, mwanangu. Mkokotoaji amesema ya hesabu, nami niseme ya makaratasi, kwa sababu kikokotoo hakihesabu miezi uliyofanya kazi. Kinahesabu miezi inayoonekana kwenye kumbukumbu.

Nilipobakiza miaka kama minne nilichukua taarifa yangu ya michango nikaipitia mstari kwa mstari. Kipindi nilichokuwa masomoni nje ya nchi, huku mshahara ukiendelea kulipwa na makato yakionekana kwenye hati zangu za mshahara, baadhi ya miezi ilikuwa mitupu. Mwajiri wa wakati huo alisema yamewasilishwa, mfuko ukasema hayajafika. Kilichonisaidia ni zile hati za mshahara zenyewe, nilizokuwa nimezitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya ruhusa ya masomo. Karatasi zimekuwa za njano, lakini namba ya uanachama na makato ya kila mwezi yanasomeka. Miezi ile ikarudishwa. Wapo wenzangu ambao hawakuwa na karatasi, na hao walizunguka ofisi hadi wakachoka.

Siku hizi mnayo PSSSF Kiganjani kwenye simu, hivyo hakuna sababu ya kusubiri. Tazama michango yako leo. Kagua pia jina lako na tarehe ya kuzaliwa, kwamba ni zilezile kwenye kitambulisho cha taifa, kwenye barua ya ajira ya kwanza na kwenye mfuko. Tofauti ya herufi moja katika jina la baba inaweza kusimamisha malipo. Andaa jalada lenye barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua zote za kupandishwa cheo na hati za mshahara za karibuni. Na iwapo uliwahi kuchukua likizo ya masomo bila malipo, ujue kwamba miezi hiyo haikuchangiwa na haitahesabiwa, hata kama ulirudi na shahada.

Kuhusu NSSF: sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji katika mifuko miwili kuunganishwa. Andika barua kwa mifuko yote miwili ukiwa bado kazini, uambatanishe namba zote mbili za uanachama. Kwako jambo hili lina uzito, kwani miezi 60 ikisimama peke yake haifikii ile 180 inayotakiwa ili mtu apate pensheni ya kila mwezi, na unaweza kuishia kulipwa mkupuo maalumu mdogo.

Jambo la bima ya afya nitalirudia baadaye, wajukuu wananiita.

---

Bi. Takwimu amejibu:

Naomba kutofautiana kidogo na Mkokotoaji, kwa heshima. Mfano wake ni sahihi kihesabu, lakini umechanganya faida ya kupanda cheo na faida ya kukaa hadi 65, na hayo ni maamuzi mawili tofauti.

Tumchukue Mhadhiri Mwandamizi huyohuyo mwenye mshahara wa 3,600,000, ila aamue kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 60 na miezi 288. Mkupuo wake ni takriban 93,848,000 na pensheni ya mwezi ni kama 1,162,000. Akikaa hadi 65, anaongeza kama 242,000 kwa mwezi na kama milioni 19.5 kwenye mkupuo. Lakini katika miaka hiyo mitano anakuwa ameiacha pensheni ya karibu milioni 70 ambayo angeipokea akiwa nyumbani, au akiwa anafundisha kwa mkataba kwingineko. Ukiondoa tofauti ya mkupuo, zile 242,000 za kila mwezi zitahitaji takriban miaka 17 baada ya 65 kuifidia. Maana yake ni umri wa miaka 82.

Bila shaka mtu anayebaki kazini analipwa mshahara, na mshahara ni mkubwa kuliko pensheni, kwa hiyo asiyekuwa na kazi nyingine ya kwenda ni afadhali abaki. Ila vyuo binafsi nchini vinawatafuta sana wenye uzamivu na uzoefu wa kusimamia tasnifu, na mkataba wa huko huweza kuwa na kiinua mgongo mwishoni. Mwenye mkataba wa namna hiyo mkononi anapokea pensheni na mshahara kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo naungana na mkuu wako wa idara kwa sababu tofauti na yake. Cheo kinakupa uhuru wa kuchagua kati ya 60 na 65, uhuru ambao Mhadhiri hana. Mwenzako nyumbani naye ana hoja ambayo isipuuzwe: kazi za ushauri elekezi haziingii kwenye kikokotoo, lakini fedha zake zinaingia mfukoni leo, na zikiwekezwa leo zina miaka saba ya kukua. Penye tatizo ni pale zinapoyala maandiko yako. Ripoti ya mradi ukiigeuza kuwa makala ya jarida, kwa ridhaa ya mfadhili, umefanya kazi moja na kulipwa mara mbili.

---

Mwenzenu wa Eldoret amejibu:

Nawasoma kwa makini kutoka Kenya, na naona kwamba ninyi mna neema ambayo huenda hamuioni: pensheni yenu inategemea kanuni. Kwetu mifuko mingi ya vyuo vikuu ni ya akiba, yaani unastaafu na kile kilichochangwa kwa jina lako pamoja na faida yake, unachukua theluthi moja taslimu, na kinachobaki kinakununulia malipo ya kila mwezi. Chuo kisipowasilisha makato, hakuna kanuni itakayokuokoa, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja madeni ya namna hiyo katika vyuo vyetu vya umma mara nyingi mno. Kwa hiyo lile la Mwalimu Mstaafu la kukagua taarifa ya michango, sisi tunalifanya kila mwaka, na penye pengo tunawaandikia wadhamini wa mfuko na nakala kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu.

Jambo moja ambalo mwaweza kuliiga ni kuchangia zaidi ya kiwango cha lazima. Tangu mwisho wa mwaka 2024 sheria yetu inasamehe kodi ya mapato kwa michango ya hadi shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi, kutoka 20,000 za awali, na walimu wenye kazi za nje huelekeza sehemu ya kipato hicho huko.

---

Mhadhiri wa Idarani amejibu:

Nawashukuru sana. Nimefungua PSSSF Kiganjani jioni hii na nimeona kwamba miezi yangu ya mwaka 2008 haionekani kuanzia ile ya kwanza. Kesho naanza na ofisi ya rasilimali watu.

Bado nina swali kuhusu mkupuo. Wenzangu wa vyuo vingine waliotokea PSPF, mfuko mwingine wa watumishi wa umma ulioingia PSSSF, wanapata asilimia 40, mimi 35. Je, nimedhulumiwa? Na hizo fedha zikitoka, nyumba za wanafunzi karibu na chuo ni wazo jema?

---

Mkokotoaji amejibu:

Kwanza nikubaliane na Bi. Takwimu: kukaa hadi 65 ni uamuzi wa pekee, na hesabu yake ni nzuri.

Kuhusu 35 na 40, chukua mfano wa miezi 348. Kwa asilimia 40 mkupuo ungekuwa 129,600,000 na pensheni ya mwezi 1,296,000. Umepungukiwa milioni 16.2 leo, unaongezewa 108,000 kila mwezi. Gawanya: miezi 150, ambayo ni miaka 12 na nusu, ileile 12.5 iliyomo kwenye kanuni. Anayeishi zaidi ya hapo baada ya kustaafu atakuwa amenufaika na asilimia ndogo ya mkupuo. Kelele za mwaka 2018 dhidi ya kikokotoo kipya, ambazo zilimfanya Rais Magufuli asitishe kanuni mpya mwezi Desemba mwaka ule, zilikuwa na msingi kwa waliotokea PSPF, kwa sababu wao walikuwa wakitumia 1/540 na 15.5, badala ya 1/580 na 12.5 za sasa, pamoja na mkupuo wa nusu, hivyo walipunguziwa pande zote. Wa PPF hali yao ilikuwa nyingine.

Kuhusu nyumba za wanafunzi, sitakukataza, ila ujenzi uanze na fedha za ushauri elekezi ukiwa bado na nguvu za kumsimamia fundi. Mkupuo ni fedha isiyorudi mara ya pili. Hati fungani za Serikali za miaka 20 au 25, zinazouzwa kwa mnada wa Benki Kuu, hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, huwapa wenye vipande wanaotaka gawio la kila mwezi. Udhaifu wa hati fungani ni kwamba riba yake haibadiliki huku bei za sokoni zikipanda, kwa hiyo usiweke zote huko. Na usiingie kwenye kustaafu ukiwa na mkopo wa mshahara ambao makato yake yanavuka tarehe ya mwisho ya utumishi, kwani wakopeshaji hujua siku ya mkupuo kabla hujaijua wewe.

---

Mwalimu Mstaafu, Morogoro amejibu:

Nimerudi. Kadi ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa: mtumishi anapostaafu makato yake yanakoma, na yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa. Watoto na wazazi uliowaandikisha kama wategemezi wanaondoka kwenye kadi. Mama yangu alikuwa na miaka 87 na kliniki ya presha kila mwezi nilipostaafu, na gharama hiyo sikuiona kwenye kikokotoo cha mtu yeyote. Kama unao wazazi kwenye kadi yako, tafuta utaratibu wao wa bima kabla ya mwaka wa mwisho.

Na iwapo unaishi nyumba ya chuo, barua ya kustaafu itafuatwa na barua ya kukabidhi nyumba. Vitabu peke yake vilinijazia lori dogo.

---

Mhadhiri wa Idarani amejibu:

Mama yangu yumo kwenye kadi. Nitaliuliza hilo kesho nikiwa palepale ofisi ya rasilimali watu, na majibu ya barua za NSSF na PSSSF yakija nitayaweka hapa, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyeanzia chuo binafsi.